Mkono wa Papa Leonardi

Jumanne, 7 Mei 1957

Solfa, somo la kuimba noti, tangu saa mbili. Wasichana wa darasa la nne wanapanda ile sol ya juu kwa woga, kama ngazi imeoza. Nimewarudisha mara sita. Ya saba wameipata, nikawaacha wakale.

Mchana nimenakili wimbo wa Pentekoste. Nakala kumi na mbili, moja kwa kila mwalimu wa chama, kuanzia Sake hadi Bunagana. Kidole kimejaa wino. Katika chama chetu cha walimu wa uimbaji wapo wanaume kumi na mmoja na mimi, mjane, mwalimu wa shule ya Masista, na sekreteri ni mimi. Eti mwandiko wangu ni mzuri. Wao nao wana mikono, ila visingizio wanavyo vingi zaidi.

Jumamosi, 11 Mei

Nikodemu, mwenzetu wa chama, mwalimu wa Rutshuru, amefukuzwa kazi. Habari imeletwa na dereva wa kamyo, lile lori la mboga, akaisema huku anashusha kabichi.

Padri mkuu wa misheni alitaka kinanda cha kanisa kitoke Rutshuru kiende kwenye kapela ya mlimani. Mvua inanyesha. Kibebwe na watoto wa darasa la tano, vichwani. Nikodemu akasema kinanda kizito vile kina haki ya kupanda gari, na gari Padri analo. Basi. Hilo tu. Jina la kosa: utovu wa heshima.

Padri huyo huyo ndiye mshauri wa chama chetu. Jioni nimepata karatasi yake: nifute jina la Nikodemu kwenye orodha ya walimu. Pia nyumba ya misheni anayokaa na mke na watoto wanne aiache Jumanne baada ya Pentekoste.

Nina hasira mpaka nimeunguza maharage. Nilipoingia chama hiki mara ya kwanza, wanaume walikaa wametanua magoti, benchi zima likajaa. Nikodemu peke yake ndiye aliyesogea. Jina lake sijalifuta. Nimemwambia aliyeleta karatasi kwamba kalamu imepotea.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeomba ruhusa ya mkutano. Padri amekataa. Chama kilikubaliwa na serikali kwa sharti moja: hakuna mkutano bila mshauri kuwepo. Mshauri hana nafasi mpaka Pentekoste ipite. Nikodemu atakuwa ameshatupwa nje.

Nikauliza kuhusu mazoezi ya wimbo wa sikukuu. Akasema mazoezi ni mazoezi, hayahitaji mshauri, tufanye hata kila Jumamosi. Nilimshukuru sana. Nadhani nilimshukuru kupita kiasi, maana alinitazama.

Jumamosi, 18 Mei

Tumefanya mkutano. Naandika hapa kwa sababu kwenye daftari la chama siwezi.

Wote wamefika darasani kwangu, kumi na mmoja. Santineli, mlinzi wa misheni, amekaa mlangoni na fimbo yake. Ametumwa: tukianza kuzungumza mambo mengine, aende aseme. Hatukuzungumza hata neno. Nilitoa sauti, nikaanza kwa toni ya zaburi, ile ya Jumapili jioni, kwamba mwenzetu wa Rutshuru amefukuzwa. Upande wa dirishani wakajibu kwa toni ile ile, bila kupangwa, kwamba ni kwa ajili ya kinanda. Watu wamezoea kujibu zaburi, utawazuiaje.

Tukaendelea hivyo ajenda nzima. Mwalimu wa Bunagana aliimba kwamba barua iende kwa mkaguzi wa shule, Bukavu, pumzi ikamwishia kabla hajafika Bukavu. Mwalimu wa Sake aliuliza itakuwaje tukifukuzwa sisi pia, na kwa sauti yake tamu hakuna aliyeogopa. Santineli alivua kofia. Alidhani ni sala.

Mwisho nikaimba: anayekubali barua iandikwe, anyooshe mkono.

Papa Leonardi akanyoosha wake. Ndiye mwenyekiti, ndiye mzee wetu, nusu ya chama amewafundisha yeye. Najua alitaka kusema tungoje. Lakini miaka thelathini ameongoza kwaya kwa mkono ule: kiwiko kwanza, kisha kiganja. Kiwiko kilipopanda, wote tulivuta pumzi. Kiganja kilipofunguka, wote tukaingia, sauti zote nne: tunakubali. Na besi iliyotikisa dirisha ilikuwa ya Papa Leonardi mwenyewe.

Alibaki ameduwaa na mkono juu. Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Daftari la chama: Mazoezi. Walikuwepo kumi na mmoja. Sauti ya pili bado dhaifu.

Hilo la sauti ya pili ni kweli. Sauti ya pili ni Nikodemu.

Jumatatu, 20 Mei

Barua nimeiandika. Ukurasa mmoja. Nimefuta neno "tunaomba" mara mbili na mara mbili nimelirudisha. Mwishowe limebaki moja tu, la mwanzo, kwa adabu.

Jumamosi, 25 Mei

Mazoezi tena. Santineli tena, safari hii amekuja na kiti chake.

Barua imepita chini ya nakala za wimbo, kutoka goti hadi goti. Kumi tumetia sahihi. Papa Leonardi hakutia. Aliirudisha ikiwa imekunjwa vizuri, akanisubiri nje karibu na ukuta wa mawe.

"Ule mukono ulikuwa wa kusimamisha, Mama Veronika. Mulisoma mubaya. Miye niko na batoto saba."

"Nikodemu iko na bane, Papa. Na nyumba banamunyanganya."

Alifuta vumbi la mawe kwenye viatu, kimoja kwa kimoja, akaenda. Nimemchukia njia yote ya kurudi nyumbani. Halafu nimekumbuka kwamba solfa yote ninayoijua mume wangu aliipata kwake, akanipa mimi. Bado namchukia, kidogo.

Bila jina la mwenyekiti, barua ina pengo juu ya majina yote. Kila mtu ataliona.

Alhamisi, 30 Mei. Kupaa kwa Bwana

Baada ya misa nimempa barua karani wa meli ya Bukavu. Ina pengo lake.

Nikitolewa shule, nitarudi kwa kaka yangu Masisi kukamua ng'ombe. Ng'ombe nawaogopa. Lakini barua imeshaondoka na mimi siifuati.

Jumatano, 5 Juni

Kimya kutoka Bukavu.

Nikodemu amepita leo, ametoka kutafuta chumba cha kupanga. Hakuna aliyempa. Wanaogopa Padri. Hakulalamika. Alisema tu kwamba shamba la maharage nyuma ya nyumba bado wiki mbili au tatu, na inamuuma kumwachia mtu mwingine. Ameuliza kama watoto wake wa darasa la tano wanaingia vizuri katika mstari wa tatu. Sasa wanaongozwa na Padri mwenyewe. Nilisema wanaingia. Nimedanganya.

Jumamosi, 8 Juni

Mkaguzi amefika kwa meli. Yeye mwenyewe ndiye mgeni wa sikukuu ya Jumatatu. Amelala kwa Padri.

Mchana Padri akaagiza aletewe daftari la chama. Amelirudisha baada ya saa nzima. Amekuta mazoezi, mazoezi, mazoezi. Alimwita santineli, akamwuliza tulifanya nini Jumamosi zote zile. Santineli akasema: waliimba, Padri, waliimba sana. Mzee huyu Mungu ambariki. Kesho nitampelekea viazi.

Jumatatu, 10 Juni. Jumatatu ya Pentekoste

Niandike yote kabla sijasahau mpangilio.

Saa tatu. Kiwanja cha misheni. Shule zote zimejipanga nusu duara, watoto zaidi ya mia mbili, mashati meupe. Kila mwalimu mbele ya watoto wake. Watoto wa Rutshuru hawana mtu mbele yao. Wazazi nje ya uzio, na kati yao Nikodemu, mikono mifukoni mwa koti. Alikuwa amemwahidi mke wake kwamba hataleta fujo.

Wageni walikuwa bado ndani, wanakunywa kahawa. Padri akatoka peke yake. Mkononi ana karatasi. Nikatambua mwandiko wangu toka mbali.

Walimu tukageuka kumtazama, watoto nyuma yetu. Hakupaza sauti. Alisema mkaguzi amemkabidhi barua hii ayamalize mwenyewe, kindugu. Kisha akasema:

"Anayesimama bado na jina lake katika karatasi hii, anyooshe mkono. Ambaye mkono wake uko chini, nitajua alidanganywa, na yatakwisha."

Yalikuwa maneno ya akili. Mtu angeweza tu kukaa bila kufanya chochote, na amepona. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Mikono yote chini. Mwalimu wa Sake amefumba macho. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nikamwona Nikodemu pale kwenye uzio, na nikaona aibu kuliko woga.

Nikanyoosha mkono.

Wasichana wangu sikuwafikiria kabisa. Lakini miezi miwili nimewafundisha jambo moja: mkono ukipanda, vuta pumzi, ukifunguka, ingia. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia pumzi thelathini. Kisha wakaingia. Sol ile ya juu, safi, bila kurudishwa hata mara moja.

Padri aliinua kiganja awanyamazishe. Kosa kubwa: kwa mwimbaji, kiganja kikipanda ni kuongeza. Nusu yao wakaongeza sauti.

Mwalimu wa Bunagana akacheka, akanyoosha mkono wake, watoto wake wakaingia. Akafuata Sake, macho amefumbua sasa. Akafuata Mugunga. Mkono kwa mkono, shule kwa shule, na hakuna mtu duniani angeweza kusema kama tunapiga kura au tunaimba. Lakini wimbo haukuwa na chini. Besi ni wanafunzi wakubwa wa Papa Leonardi, na Papa Leonardi alikuwa anatazama viatu vyake.

Yeye hakutia sahihi. Angeweza kuacha mkono chini na hakuna ambaye angemlaumu. Hata mimi nisingemlaumu, leo.

Mstari wa tatu ukakaribia. Kiwiko kikapanda. Taratibu, kama kinavyopanda siku zote. Alikuwa anamtazama Padri usoni. Kiganja kikafunguka na besi ikaingia, nikaihisi kwenye nyayo.

Wageni wakatoka mbio na vikombe mkononi, wakidhani wamechelewa. Wakakaa. Mkaguzi akavua kofia. Padri akabaki katikati ya kiwanja na barua yangu, mtu mmoja tu asiye na kazi pale. Akaikunja, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Watoto wa Rutshuru walikuwa bado kimya. Macho yao yalimpita Padri, yakaenda kwenye uzio. Nikodemu akavumilia ubeti mzima. Halafu akatoa mkono mmoja mfukoni, mmoja tu, akawaingiza katika sauti ya pili. Waliingia vizuri. Kwa hiyo sikumdanganya sana.

Wageni walipiga makofi. Sisi hatukuinama.

Jumanne, 11 Juni

Leo ndiyo siku ya kuhama. Dereva wa kamyo anasema hakuna aliyekwenda kumtoa Nikodemu. Alikuwa anapalilia.

Mama Mkubwa, mkuu wa Masista, ameniita. Kuanzia Septemba nitafundisha wadogo wa darasa la kwanza, kusoma na kuhesabu. Kuimba, hapana. Nikasema ndiyo, Mama. Alingoja niombe msamaha. Nami nikangoja. Mwishowe akaniruhusu niende.

Nimelia nyuma ya jiko. Si kwa majuto.

Ijumaa, 14 Juni

Karatasi mbili zimefika.

Moja ya mkaguzi. Nikodemu anarudishwa kazini baada ya likizo, si Rutshuru, ila Mugunga, darasa la pili. Nyumba atakaa mpaka avune. Darasa la pili, mtu mwenye sauti ile! Ni nusu mkate. Anao watoto wanne, ataupokea, na mimi nakasirika kwa niaba yake.

Ya pili ni ya Padri. Chama kimezuiwa kufanya mikutano ya aina yoyote mpaka amri nyingine. Nimeisoma mara tatu, polepole, kidole kwenye kila mstari. Mazoezi hayakutajwa.

Jumamosi, 22 Juni

Kiangazi kimeingia. Vumbi jeusi dirishani.

Nikodemu ameteremka na kamyo ya asubuhi, amebeba furushi la maharage mabichi kwa ajili yetu wote. Alisimama mlangoni kama mgeni. Papa Leonardi alisogea kwenye benchi, wote tukasogea, akakaa. Santineli hakutumwa leo lakini amekuja, amekaa ndani, na kiti chake.

Tumeimba saa moja na nusu. Kuimba tu.

Orodha ipo vile vile nilivyoiandika mwanzoni mwa mwaka, jina lake la saba kutoka juu. Kalamu nimeipata.

Daftari la chama: Mazoezi. Walikuwepo kumi na wawili. Sauti ya pili nzuri.