Oksijeni Iliyopungua

Kaka yangu,

Salamu tele kwako na kwa mama. Mimi sijambo, tena nimeshinda! Hapa maabara, oksijeni ilikuwa ikipungua kwenye kijifereji changu cha kukuzia seli, chembamba kama unywele, na bosi aking'ang'ania kwamba kipimo cha oksijeni nilichotengeneza ni kibovu. Leo nimeweka vijifereji viwili mbele yake, kimoja chenye seli hai, kingine maji tu. Kwenye maji, oksijeni haikutikisika. "Kumbe zinapumua!" akasema, akanipa mkono.

Najua hujanisamehe kwa kukosa mazishi ya baba. Lakini unakumbuka alivyotoa kipande cha ngozi yake kwa utafiti wangu, akatamba kwamba ataajiriwa maabara bila cheti? Seli za leo ni zile zile, za ngozi yake. Mwambie mama kwamba mzee yuko kazini, na leo amenitetea.

Mdogo wako mbishi