Kijinga cha Moto Chini ya Mkuyu

Papa,

Kesho tunachoma nyama kando ya ziwa, na mimi, binti yako mkubwa, ninaogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungusha maneno. Watoto wamerudi kutoka shule ya bweni kule Rutshuru, vakansi imeanza, mvua imekatika. Nyumba nzima inanukia vitunguu na pilipili, na mimi peke yangu ndiye nisiyesikia njaa.

Acha kwanza nikwambie tumepanga nini, maana najua ungeuliza. Gaspard, kitinda mimba wako, ameleta paja la ng'ombe kutoka sokoni, amelifunga nyuma ya baiskeli kama abiria. Tutalikata mishikaki. Mbuzi naye yupo, ila Mama bado hamli, anasema hajafika umri huu ili aje aote ndevu kama wasemavyo juu ya wanawake wanaomla, kwa hiyo atachomewa mbavu zake za ng'ombe pembeni. Samaki nitawapaka chumvi na ndimu, niwafunge kwa majani ya ndizi. Boga lako lipo pia. Nitalikata kifuniko, nilijaze maharage na uboho, kisha nilifukie kwenye makaa, kama ulivyobuni mwenyewe siku ile sufuria ilipotoboka. Wasichana nao wamebuni lao: wanataka kuchomeka vipande vya nanasi katikati ya nyama, kwenye kijiti kimoja. Niliwaambia hayo ni mambo ya watu waliokosa kazi. Jana nikaonja kimoja, Papa, nikaomba cha pili.

Lakini kesho si karamu ya vakansi tu. Mwaka umetimia tangu tukuzike, na Mama ameamua tuondoe matanga palepale ulipozoea kutuchomea kila kiangazi. Unamjua na desturi zake. Mpaka siku ya kuondoa matanga, kilichomchukua marehemu hakitajwi nyumbani, kisije kikadhani kimeitwa. Kwa hiyo watoto waliambiwa kwamba moyo wako ulisimama, basi.

Mazuku. Nakuandikia neno hilo kwa kuwa wewe unalijua. Hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo ya mawe meusi siku ambayo ziwa halina upepo. Kila mwaka, kabla mkeka haujatandikwa, ulifunga kijinga cha moto kwenye ncha ya mti mrefu, ukakishusha polepole kwenye kila shimo, nasi nyuma yako tumeshikana mikono. "Moto ikizimika, rudia nyuma. Hapana kuuliza. Na hapana kuinama, hata uone nini." Hewa ile hufika magotini, ulisema, na mtu akisimama atapona. Halafu mwaka jana mbuzi wa sikukuu akakata kamba, ukamkuta amelala kwenye shimo kule nyuma ya miamba, ukainama umnyanyue. Wewe! Mwashi uliyejenga nusu ya mtaa huu kwa mawe ya volkano, unayejua kila shimo kwa jina lake! Bado ninakukasirikia, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Wiki hii nilimwomba Gaspard tuhamie juu kwenye mwamba. Alicheka. "Yaya, dada yangu, wapi kivuli huko juu? Jua itatuchoma siye mbele ya nyama." Yeye anataka bondeni chini ya mkuyu, kwa sababu tumekula pale tangu utoto wetu na hakuna aliyewahi hata kuumwa kichwa. Ni kweli. Mama akamuunga mkono, akasema matanga huondolewa mahali alipopapenda marehemu. Neno la kuwajibu lilikuwa moja tu, nalo limekatazwa.

Mwanangu Kizito ana miaka sita sasa. Nilimsimamisha mlangoni, nikampima na mwili wangu, kichwa chake kikafika kiunoni. Kichwa cha binti mdogo wa Gaspard kinazidi magoti yangu kidogo tu. Ulisema nikisimama nitapona, Papa. Juu yao hukusema kitu.

Basi leo asubuhi nilichukua mti wako na kijinga cha moto, nikashuka. Sikutaka watoto wanifuate, lakini nani amewahi kwenda ziwani watoto wakabaki? Ziwa lilikuwa limetulia, hata jani la mkuyu halikutikisika. Niliwasimamisha wote juu ya ukingo, nikausukuma mti mbele yangu. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Nilipoushusha pale tunapowalaza watoto wachanga, ukazimika. Hakuna aliyeupuliza, hakuna maji. Nikauvuta, nikaupuliza ukawaka, nikaushusha tena, ukazimika tena. Nikarudi nyuma hadi ukingoni, nikamshika mtoto aliyekuwa karibu, sijui hata alikuwa wa nani.

Hapo nikavunja katazo la Mama. Niliwaambia hiki kinaitwa mazuku, na ndicho kilichomwua Babu yenu, si moyo. Kisha Kizito akauliza Babu aliona nini huko chini mpaka akainama. Nikamwambia, mbuzi wetu. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe Babu alikuwa anatutafutia nyama." Nililia mbele yao bila haya.

Mama alikwisha kusikia kutoka kwa watoto kabla sijafika nyumbani. Nilitegemea kufokewa. Alikuwa anakata vitunguu, akaweka kisu chini, akalitamka neno lile kwa sauti, yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu ufe. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni vitunguu. Kisha akamwita Gaspard, akamwamuru apeleke kuni zote juu ya mwamba, pamoja na turubai la kutukinga na jua. Gaspard akaanza kuzibeba papo hapo. Kwa hiyo kesho tutachomea juu.

Utadhani hofu imekwisha. Haijakwisha. Watoto wana mpira, na mpira huviringika kuelekea chini. Juu kutakuwa na joto, na chini ya mkuyu kuna kivuli kizuri kuliko vyote pwani hii ya ziwa. Mtoto husahau, Papa. Akishashiba husahau zaidi.

Hapa ilinipasa nikuahidi kwamba nitashika fundisho lako. Ningekudanganya. Nikimwona mtoto amelala kule, nitainama. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Wewe uliinama kwa ajili ya mbuzi wao tu. Kwa hiyo nakuahidi ninachokiweza. Kesho wengine watakula wamekaa, na mimi nitakula nimesimama kwenye njia iteremkayo bondeni, mshikaki mkononi, mpaka mtoto wa mwisho ashike njia ya nyumbani.

Pumzika, Papa, kwa amani ya Mungu. Tunakupenda. Usitungoje upesi.

Binti yako,
Veneranda