Kibao cha Kocha

Idabel, acha vyombo usome.

Leo baada ya ibada, ukumbini mwa kanisa, Mzee Clovis alikuwa akiichambua timu yetu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani, kama anachambua paja la kuku. Mechi sita, tumepigwa nne. "Mjukuu wangu Tate anarusha mpira kama kombeo," akasema. "Bila yeye hatuna kitu. Ulinzi ni chujio. Na kocha ni gunia la viazi lililovishwa kofia!"

Watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Na Renelle, mke wa kocha, amesimama nyuma ya mzee na jagi la chai baridi. Nyuma yake, Idabel! Nilimkonyeza Clovis, wapi.

"Kesho," akaendelea, "tunampandia kocha kibao cha NYUMBA INAUZWA mlangoni kwake. Afungashe!"

Renelle akammiminia chai.

"Msijisumbue, mzee wangu. Kibao tumekisimika wenyewe asubuhi. Msimu ukiisha tunahamia timu ya ng'ambo ya mto."

Ng'ambo ya mto, shoga! Mahasimu wetu tangu enzi za babu!

Clovis akapiga meza kwa furaha. "Nendeni na gunia lenu!"

"Asante. Na Tate anatufuata. Hajakwambia?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Tate. Kijana akainamia sahani yake.

Clovis bado amekaa, chai hajaigusa. Na wale wale waliokuwa wakimchekea wanaulizana mbele yake: kibao walichomwandalia kocha kimeshapakwa rangi, kwa nini kisipandwe mlangoni kwa Clovis, babu wa Tate?