Kikapu cha Dirisha la Mama

Mpendwa dada,

Wewe una makusudi. Unaniletea ujumbe kwamba mwanao Zuhura atapita Unguja siku moja tu, kisha boti ya saa kumi avuke Dar kupanda ndege, nimtembeze mji. Halafu chini yake: "Popote mpeleke, ila nyumbani usimfikishe. Mama akimfukuza, mtoto hatasahau." Ukanitwisha hilo, ukaenda zako kulala. Huu mwaka wa kumi na mbili natembeza wageni, na sijapata kuuogopa Mji Mkongwe kama siku hiyo.

Nilimjua palepale bandarini, kwa ule mwendo wako wa kutanguliza bega. "Shikamoo, mama mdogo," akaniambia, Kiswahili chako kitupu, na maneno ambayo vijana wa hapa washayaacha. Nikamkumbatia huku nimekukasirikia. Miaka ishirini, dada, na mwanao nampokea kama watalii wengine, na kofia yangu ya kazi kichwani.

Nikamtembeza. Forodhani, Ngome Kongwe, milango ya nakshi, hata Mtoni tukaenda kwenye magofu ya kasri, mradi tuwe mbali na mtaa wetu wa Kiponda. Jua kali, yeye hachoki. Wageni wangu huniuliza habari za masultani. Huyu anauliza, "Chuo mlichosoma Kurani kiko wapi? Na yule wa ubuyu, alikaa kona ipi?" Nnamjibu huku naangalia saa. Tulipofika soko la Darajani akasimama, akanitazama usoni.

"Mama mdogo, dirisha la kikapu liko wapi?"

"Limezibwa siku nyingi," nikamwambia. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Unalikumbuka wewe. Ghorofa ya pili, na kamba, na kikapu cha ukili ambacho mama alikishusha kwa muuza boflo ili asipande na kushuka ngazi. Ikivutwa mara mbili, mkate umo, pandisha. Ikivutwa mara tatu, ni sisi tumetoka chuoni, tushushie ufunguo. Ulikuwa ukinibeba mgongoni ili nivute mimi, kwa sababu nilikuwa nikilia nisipovuta. Mama akichungulia anasema, "Naam, wenye nyumba wamerudi."

Na siku uliyoondoka na yule mwanamme ambaye mama alimkataa, ukatia barua kikapuni ukavuta mara mbili. Mama akapandisha akidhani mkate. Barua hiyo nilimsomea mimi, dada. Nilikuwa na miaka kumi, nasoma huku namuona uso unavyobadilika. Hilo sijakusamehe vizuri mpaka leo, na nnakwambia wazi. Alipoisikiliza yote akaapa kuwa jina lako halitatajwa tena ndani ya nyumba yake. Halijatajwa. Hata sasa nnakuandikia humu ndani, na jina lako naliruka.

Mwanao hakuniamini. Akaingia vichochoro mwenyewe, anakata kulia, anakata kushoto, kwa ramani uliyomtia kichwani tangu mdogo, na mimi nyuma yake nambembeleza, "Zuhura, boti, tutachelewa." Tukatokea chini ya dirisha. Saa saba, wakati wa muuza boflo, na kikapu kishashushwa kinamngoja.

Kabla sijatamka neno akaishika kamba. Mara moja. Mbili. Tatu.

Cherehani ya mama juu ikanyamaza.

"Nani huyo?"

Nikafanya jambo la aibu. "Mimi, mama. Nna mgeni, mtalii tu, anachezea."

"Mtalii kafunzwa na nani kuvuta mara tatu?"

Mtoto akavua miwani ya jua, akainua uso wote juu. "Shikamoo, bibi."

Mama akamtazama. Hakuitikia. Mimi nikawa nakuwaza wewe tu, kwamba mama ana sukari na presha, kwamba akifa hajakupa radhi utaishi vipi, na kwamba nimekuharibia kila kitu kwa siku moja. Kamba ikatikisika. Kikapu kikapanda kitupu. Nikamshika Zuhura mkono, nikamwambia twende. Akakataa kuondoka.

Kikashuka tena. Ndani mna ufunguo, umefungwa kwenye ncha ya leso.

"Marahaba," mama akasema juu. "Pandeni, jua litamuunguza mtoto."

Alimlisha, dada. Chai ya maziwa, mkate wa kumimina, mpaka mtoto anaomba msamaha. Alimuuliza jina, masomo, kama anaswali. Habari zako hakuuliza hata moja. Nilikaa kwenye ncha ya kiti nikingojea lipasuke, wala halikupasuka. Saa tisa tukasimama kuaga. Mama akamshika kichwa, akamsomea dua ya safari, kisha akasema, anatazama pembeni kama mtu anayezungumza na ukuta:

"Msalimie Mama Zuhura."

Umesikia? Kiapo chake hajakivunja. Aliapa juu ya jina lako tu. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe, na wewe kwake ulikuwa huna mtoto hadi siku ile. Mtoto alilia njia nzima mpaka bandarini. Na mimi nililia, nimevaa kofia yangu ya kazi.

Tokea hapo mama hajanyamaza. Juzi nakuna nazi, ananiuliza, "Mama Zuhura bado hali pweza?" Nikamwambia hali. "Mkaidi," akasema, akaendelea kushona. Jana kaniuliza kama huko kuna baridi. Leo kanitaka nimnunulie kitambaa cha kanzu ya kike, kanipa na kipimo cha mabega. Si changu, wala si cha Zuhura. Kakikumbuka kwa kichwa, miaka ishirini.

Hajasema uje, na usingoje aseme, kwa sababu hasemi yule. Lakini muuza boflo kashapita tangu mchana na kikapu mama hajakipandisha. Kipo chini, kinagusa ardhi. Nakiona kutoka hapa nilipokaa.

Njoo, dada. Usipige hodi mlangoni kama mgeni, na usinitume mimi kukutangulia. Vuta mwenyewe, mara tatu.

Mdogo wako, uliyekuwa ukimbeba aifikie kamba.