Lori Lililobaki Ndani ya Laptop

Baba,

Mwangaluka. Nimeanza na salamu kwa sababu mtu akikuletea shida kabla ya kukusalimia ulikuwa humsikilizi. Hapa Somanda jua limewaka, bodaboda zinapigiana honi barabarani kama kawaida yao, na mimi nimekaa barazani kwenye kiti chako chenye mto. Nimechoka, Baba. Nakuambia mapema ili usishangae barua ikienda kwa kuburuta miguu.

Mama hajambo, ila anakula kidogo. Nywele tulizonyoa siku ya kumaliza msiba zimeanza kuota, na zake zimetoka nyeupe zote. Mahindi ya shambani Bukundi yanaendelea vizuri, pamba ndiyo imedumaa kwa sababu mvua ilitupiga chenga. Mdogo wangu Sayi amerudi chuoni Mwanza. Duka langu lipo pale pale, simu zilizovunjika vioo zinaingia kila siku, na sijalifunga hata siku moja tangu tulipotoka makaburini. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijui kama nimejikaza au nimesahau tu jinsi ya kukaa chini.

Siku ya kugawa vitu vyako baba mdogo ndiye aliyeongea. Makoti yako aliyachukua yeye, redio ikaenda kwa shangazi, na ile laptop ya gemu wakasema apewe Sayi, kwa kuwa anasomea kuchora ramani za majengo na yake inazima ovyo. Mimi nikapewa usukani. Wazee walicheka kidogo, usukani wa plastiki usio na gari, lakini baba mdogo akasema mtoto wa dereva hawezi kuondoka bila usukani. Nilicheka na mimi. Nilipofika chumbani nikaukumbatia nikalia hadi kwikwi.

Sayi anakuja kuichukua laptop wiki hii. Kabla hajafika nilitaka kuimaliza ile kazi uliyonituma, ya kubadilisha SSD.

Unakumbuka ilivyoanza. Sukari ilikuwa imekula mguu wa kushoto, wakaukata, na wewe uliyevusha pamba kutoka Meatu na Maswa miaka yote hiyo ukawa mtu wa kuketi barazani kuhesabu malori ya wenzako. Hukuwa unaongea. Nilipopata ile laptop kwa mteja nikaiwekea gemu la kuendesha malori, nikafunga usukani mezani na pedali chini. Ulisema Mungu ni mwema, amekuachia mguu wa mafuta na breki. Siku ya kwanza uliendesha kidogo, ukavuta hewa puani, ukasema, "Hili gari halina harufu." Nikajua umenasa.

Baada ya hapo ukaanza kuaga. Ulikuwa unaoga asubuhi, unavaa shati la kola, unamwambia Mama unakwenda kazini, halafu unajikongoja na magongo yako mpaka barazani. Mama akileta uji anaambiwa asubiri, uko mlimani. Ulizunguka Ulaya nzima ukiwa hapo hapo, na malalamiko yako yalikuwa kwamba Wazungu wana barabara nzuri lakini njia nzima hakuna pa kununua mahindi ya kuchoma. Mama alikuwa anasema mume wake ameolewa na usukani.

Na kila ukifika mwisho wa safari, hukuzima mara moja. Uliliacha lori lingurume limesimama, wewe umekunja mikono. Nilikuambia, Baba, hiyo ni picha tu, haina injini. Ukanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Injini iliyotoka kubeba mzigo haizimwi papo hapo, Minza. Iache ingurume kwanza. Itajituliza yenyewe."

Kilichokuudhi ni kuchelewa. Barabara ilikuwa inakuja vipande vipande, miti inatokea ukiwa umeshaipita. Ukaniita dukani kwa simu, mimi nina wateja, kunishtakia kwamba umefika mahali kabla barabara haijafika. Nilikueleza kwamba ndani kuna SSD mbili, yaani hifadhi za mashine, zote ndogo na zote zimejaa kama ghala ambalo marobota yamefika mlangoni. Moja imebeba Windows pamoja na kumbukumbu za safari zako, nyingine imebeba gemu lenyewe. Nikaagiza kubwa kutoka Mwanza. Zilipofika wewe ulikuwa wodini. Nilikuletea uzione, ukageuza moja vidoleni ukasema kitu chenyewe kidogo hivi, kama jojo. Ukaniambia nisiziweke kwanza, nikusubiri urudi utazame ninavyofunga.

Nilikusubiri, Baba. Zimekaa kwenye droo muda wote huu.

Kwa hiyo juzi niliifungua peke yangu. Niligusa nondo ya dirisha kwanza kama ninavyofanya siku zote, nisiiunguze kwa umeme wa mwilini, nikatoa skrubu na kuzipanga juu ya karatasi kila moja mahali ilipotoka. Nilipoondoa mfuniko nikakuta feni zimejaa pamba. Pamba kabisa, nyeupe, imejisokota kwenye mapanga. Ni ya msimu uliopita, malori yalipokuwa yanapita hapa mbele kwenda kwenye vinu na wewe umekataa kuhamia ndani. Niliitoa kwa brashi taratibu.

Nilikuwa naogopa ile SSD ndogo, yenye safari zako. Ilikuwa imeanza kuchoka hata kabla hujalazwa, mara inaonekana, mara inaganda. Na nilijua kilichomo. Ile jioni ya mwisho gemu lilikuonyesha dereva amechoka, likapiga miayo kama linavyofanya, na wewe ukatafuta mahali pa kuegesha, ukazima, ukasema, "Nimeegesha. Nitamalizia kesho." Kesho yake ulianguka bafuni. Lori lako lilikuwa bado liko pale na mzigo wake, Baba, na mimi tangu siku ile sikuwa na moyo wa kuwasha nilione. Ile SSD ikifa, na lori limekwenda. Laptop ningempa Sayi, usukani ningebaki nao, ila wewe ulipoishia kusingekuwepo tena mahali popote.

Nikaweka SSD mpya kwenye kasha lake la nje, nikaanza kunakili. Betri ya laptop niliitoa zamani ilipovimba, kwa hiyo ilikuwa inategemea umeme wa ukutani tu. Nilitazama anga, kweupe, hakuna mvua ya kukata umeme. Nikasema nitafanya haraka. Kunakili kulipofika kama nusu, umeme ukakatika.

Uliporudi, laptop ikasema haina diski. Nikaitoa, nikaipulizia, nikairudisha. Haina. Nikaipeleka dukani nikaichomeka kwenye mashine nyingine. Haina. Nilijaribu kila nilichofundishwa na kila nilichojifundisha, na kila mara jibu ni lile lile. Mteja mmoja akaja kuuliza simu yake, nikamjibu vibaya, yeye hana kosa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba kazi ya Baba imepotea. Akavuta ungo akaendelea kuchambua maharage. Nilimkasirikia. Niliona kama vile kwake umepungua usumbufu mmoja.

Leo asubuhi lori likaleta matofali kwa jirani. Dereva akashuka kuomba maji ya kunywa, injini akaiacha inanguruma hapo nje, moshi wote unaingia barazani. Nilinyanyuka nikamwambie azime. Nikafika katikati ya ua nikasimama, Baba, nikakumbuka neno lako, itajituliza yenyewe, nikarudi mbio ndani.

Maana hata sisi mafundi tunalijua hilo, ni uchovu tu ulionifanya nisahau. SSD ikikatiwa umeme katikati ya kazi, wakati mwingine inavurugika yenyewe kwa ndani, na dawa yake ni kuipa umeme bila kuiomba kitu chochote, ijipange. Mimi nilikuwa nimeisumbua siku nzima, nachomoa, nachomeka, naidai. Nikaazima betri ya sola na inveta kwa jirani, nikaiwasha laptop nikaiacha kwenye ile skrini ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows, nikakunja mikono. Baadaye nikazima, nikapumzisha, nikawasha tena. Nikarudia. Mara mbili za kwanza hakuna kitu. Iliyofuata, jina lake likatokea kwenye skrini.

Sikushangilia. Nilinakili kwa kupumua kidogo kidogo, macho kwenye ule mstari mpaka ukajaa, halafu na ile ya gemu. Nikafunga zote mbili mpya mahali pake, skrubu zikarudi zote, haikubaki hata moja juu ya karatasi. Nikafunga usukani wangu mezani pako. Nikawasha.

Ilifunguka upesi mno, sikuwahi hata kujiandaa. Lori lako lilikuwa pale pale, limeegeshwa sawasawa kati ya mistari, na huko kwao kulikuwa kumekucha. Na barabara ilikuwepo yote, Baba. Yote, mpaka mbali, na miti yake kila mmoja umesimama mahali pake. Hicho ndicho ulichokuwa unakitaka, na kilikuwa kimekaa kwenye droo. Nililia kwa sauti, sikujali wapita njia.

Mama akatoka. Nilidhani ataniambia nizime. Aliuliza lori limebeba nini. Nikasoma, nikamwambia viazi.

"Viazi," akasema. "Muda wote huu vimekaa juani?"

Akavuta kigoda akakaa. Ndipo aliponisimulia habari za rafiki yako Jilala, ambazo hukuwahi kunisimulia. Kwamba alipofariki safarini na lori la pamba upande wa Maswa, wewe ulipanda basi ukalifuata lile lori, ukafikisha pamba ya watu kinuni, ndipo ukaja kwenye msiba. Kwamba ulisimama mlangoni kwa mjane wake, kofia mkononi, na kabla ya pole ulisema mzigo umefika. Mama akasema ndivyo madereva wa pamba mlivyokuwa mnazikana, na mwenzenu asiyefikishiwa mzigo wake alikuwa kama hajazikwa.

"Kamalizie mzigo wa baba yako," akaniambia.

Mimi sijui hata kuendesha bajaji, unanijua. Niliondoka pale kwa kugonga uzio. Nikakata kona kwa upana wa ajabu, magari yakanipigia honi, na Mama ananiambia punguza, Minza, kuna mteremko mbele. Tazama kioo cha kulia. Usishike breki kwa nguvu, umebeba. Nikadhani anabahatisha. Lakini alijua hata kitufe cha taa kiko wapi, na alijua kwamba kwenye mzunguko wewe ulikuwa unapendelea kupita nje. Nikamuuliza amejulia wapi mambo haya. Akasema yeye maharage yake alikuwa anachambulia mlangoni, na mlango ule unatazama skrini. Siku zote, Baba. Alikuwa anasafiri na wewe siku zote na hukujua, au ulijua ukanyamaza.

Tulifika. Gemu liliandika kwamba baadhi ya viazi vimeharibika, ni mimi na ule uzio. Nikasimama kutoka kwenye kiti chako. Sikuwa na kofia, nikavua kilemba. Nikaenda mpaka mlangoni, Mama naye alikuwa ameshainuka na kuingia ndani, kama vile alijua nitakakosimama. Nikamwambia, "Mama, mzigo umefika."

Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wana wane." Halafu akaketi chini sakafuni, akalia. Unajua kwamba tangu siku ile hospitalini hakuwa amelia? Wanawake walikuwa wanamsema chini chini. Leo amelia vizuri, na mimi nilikaa pembeni yake nimemshika mgongo mpaka alipomaliza. Sasa amelala.

Sayi akija nitampa laptop yake na nitamwonyesha tulipofikisha mzigo wako, naye akitaka aendelee kutoka hapo. Zile SSD za zamani sitazifuta, zitakaa na mimi. Na ninakuahidi jambo moja. Jumapili duka halifunguliwi. Nitakwenda na Mama Bukundi tukae chini ya paa la bibi tusifanye chochote, na anayetaka simu yake atasubiri. Ulikuwa unaniambia kila mara nikichoka niegeshe, nami nilikuwa naitikia tu ili simu ikatike.

Kapumzike, Baba. Usiwaze mzigo tena.

Mimi nimekaa hapa barazani, lori liko mbele yangu limesimama kwenye uwanja wa wenyewe, tela limeshatolewa. Sijazima bado. Naliacha lingurume kwanza.

Mwanao,
Minza