Karatasi ya Kusema Hatuna Mtoto

Kijiji cha Dolmaru, Goheung
11 Novemba 2014

Mpendwa mwanangu Gyucheol,

Hujambo huko Ulsan? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Baba yako anakusalimu. Mkono wa kulia bado haunyanyuki, ila kijiko anakishika kwa wa kushoto. Bibi yako anakusalimu, kila asubuhi anauliza kama umerudi kutoka shule. Hata mbwa mzima. Mimi ni magoti tu. Mkeo Mama Subin je, na mjukuu wangu Subin mwenyewe? Nimemwekea kabichi yake ya kimchi isiyo na pilipili.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita alikuja binti wa ofisi ya tarafa, kwa ajili ya lile ombi letu la matibabu ya bure ya baba yako. Viatu kavua vizuri, kainama kusalimu, lakini macho yake sikuyapenda. Akafungua mpaka friji ya kimchi! Hii nani kanunua? Mwanao anatuma nini? Anapiga simu lini? Nikajiuliza, huyu kaja kusaidia au kupeleleza?

Nikaona aibu, mwanangu. Nikamwambia unapiga kila Jumapili, na sikukuu ya mavuno ulitutumia nyama ya ng'ombe kwenye boksi lenye utepe. Boksi lile nililinunua mwenyewe sokoni, nikapita nalo polepole mbele ya jirani yetu Mama Dongha ili alione. Binti akaandika yote. Ombi likakataliwa: eti tuna mtoto wa kiume wa kututunza.

Mama Dongha kacheka mpaka kashika mbavu. "Mama Gyucheol, umejisifu mpaka umejinyima! Mimi wangu niliwaambia hata sura yake nimeisahau, sasa dawa napata bure."

"Na akija sikukuu?"

"Si anapita mlango wa nyuma!"

Jana yule binti karudi na karatasi nyingine. "Mama, gonga muhuri wa jina lako hapa tu, kwamba hamna mawasiliano na mwanao. Ijumaa nitaifuata." Huruma hii yote ya nini? Karatasi itakwenda wapi? Isije ikafika kazini kwako wakakuona mtu mbaya. Na serikali gani hii, inayompa mtu dawa akishamkana mwanawe?

Nimeificha chini ya godoro la Bibi. Baba yako anapatazama pale.

Ila nilipomwomba binti anisomee polepole zile herufi ndogo, sikusikia uongo hata mstari mmoja. Tangu sikukuu ya mwaka jana hujapiga, Gyucheol. Sikulaumu. Dawa za baba yako zimebaki za siku tisa.

Msalimie sana Mama Subin, umbusu Subin. Mungu awalinde, mshibe, mlale pakavu.

Barua hii ikifika, piga simu kabla ya Ijumaa. Sema "Mama" tu, kisha ukate. Ukipiga, sigongi muhuri, na dawa tutajua la kufanya. Usipopiga nitagonga, na itakuwa kweli. Fanya haraka, mwanangu.

Mimi niliyekuzaa na ningali nakupenda,
Mama yako, Bunrye