Maneno ya Bibi Langoni

Dada Yangdol,

Punda amezaa, na Mama anakusalimu. Hayo ndiyo mazuri. Mengine nayaandika kwa hasira, maana mdomoni hayatoki.

Ile kambi ya watalii, ambayo ofisi yenu huko Delhi inaitangaza kuwa rafiki wa mazingira, imejenga mabafu kumi na mawili na kuvuta chemchemi yetu yote. Mfereji wa shayiri ya Bibi umekauka. Jumamosi meneja alimsimamisha Bibi langoni awavishe wageni skafu nyeupe, na mimi nitafsiri kwa Kiingereza.

Bibi akawaambia, "Wageni wangu, mnaogea maji ya shayiri yangu. Fungeni mabomba siku tatu tu, ninyweshe shamba."

Meneja alinikazia macho. Nikasema, "Bibi anasema karibuni, Ladakh ni kwenu."

Wakapiga makofi, mmoja hata akalia. Bibi akanifinya shavu. "Umeona? Hawa watu wana utu. Nyie waoga bure!"

Akachukua koleo, akakaa kando ya mfereji kusubiri maji mpaka jua likazama. Sikuthubutu kumwambia.

Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia zaidi. Kesho linakuja kundi lingine, na Bibi atawaomba tena. Anadhani wale wa kwanza walisahau. Safari hii nitatafsiri neno kwa neno. Wakikupigia simu kulalamika kuhusu kabinti kasiko na adabu, usinikane.

Mdogo wako,
Chorol